Kipimo cha jeni kabla ya kubadilisha dawa ya lupus

Dawa iliyoziokoa figo zangu ndiyo iliyonizuia kuzaa. Yaitwa mikofenoleti, na mwanamke anayeimeza hatakiwi kushika mimba hata kidogo, kwa sababu yaweza kumharibu mtoto tumboni: masikio, mdomo, moyo. Nina binti mmoja, niliyemzaa kabla lupus, ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe, haijaanza, na mimi na mume wangu tulitaka wa pili. Daktari hakukataa. Alitaka lupus iwe imetulia angalau miezi 6, na katika muda huo nihamie azathioprini, ambayo mjamzito anaweza kuendelea nayo. Kisha akasema kwamba kabla sijameza kidonge cha kwanza anataka nipimwe jeni.

Sisi wa lupus ni watu wa vipimo. Mkojo wapimwa protini, damu yapimwa kreatinini ya kuonyesha hali ya figo na hemogramu, yaani hesabu ya seli za damu, macho yatazamwa kwa sababu ya haidroksiklorokwini, dawa yetu nyingine ya lupus. Nikamuuliza kama hiki kipya ni cha kujua ugonjwa niliutoa kwa mamangu au kwa babangu.

"La, mama. Hiki hakiulizi kuhusu ugonjwa. Chauliza kuhusu dawa."

Maelezo yake nayaeleza kama nilivyoyashika. Azathioprini ikishaingia mwilini hugeuka kuwa kitu chenye nguvu ya kuzizuia seli zisizaane, na hivyo ndivyo inavyoituliza kinga iliyopotoka. Mwili nao una kimeng'enya kiitwacho TPMT ambacho kazi yake ni kuipunguza nguvu hiyo isipite kiasi. Kila mtu ana nakala mbili za jeni ya kimeng'enya hicho, moja ya baba na moja ya mama. Wengi wetu zote mbili ni nzima. Wengine moja ni dhaifu. Na wako wachache ambao hawana hata moja nzima. Kwa watu wenye asili ya Ulaya, ambao ndio waliopimwa zaidi, ni karibu mtu 1 katika kila 300. Huyo akipewa dozi ya kawaida, uboho wake huacha kutengeneza damu. Seli nyeupe zaporomoka, na kikohozi tu chaweza kumlaza chumba cha wagonjwa mahututi.

Hapa pana jambo ambalo ningependa kila mgonjwa alijue, kwa sababu linapita kimyakimya. TPMT hupimwa kwa njia mbili. Moja hupima nguvu ya kimeng'enya chenyewe ndani ya seli nyekundu za damu. Nyingine husoma jeni. Mimi nilikuwa nimetoka kuongezwa damu kwenye upasuaji wa fibroidi, na kwa miezi kadhaa baada ya kuongezwa, sehemu ya seli nyekundu zinazozunguka mwilini si zako. Ningepimwa kwa njia ya kwanza, majibu yangekuwa nusu yangu na nusu ya msamaria aliyejitolea damu. Kwa hiyo daktari aliandika jeni, akapigia mstari. Akaongeza na jeni nyingine iitwayo NUDT15, ambayo udhaifu wake huonekana zaidi kwa watu wa Asia, maana nilimwambia bibi mzaa mama alitoka Bara Hindi. Sisi watu wa Pwani, ukitaka kutupima kwa kabila moja utakosea.

Siku ya kutolewa damu nilifika maabara asubuhi, benchi limejaa. Kijana wa mapokezi akaisoma fomu, akanitazama, akapaza sauti: "Ya DNA? Baba mtoto amekuja naye?" Benchi zima likanyamaza. Mama mmoja aliyekaa karibu nami akajisogeza, si kwa chuki, nadhani alitaka kusikia vizuri.

"Baba mtoto yuko kazini bandarini," nikamjibu, "na mtoto ni wake. Mimi napimwa dawa."

Wakacheka, na mimi nikacheka, lakini mambo yetu ndiyo hayo: mjini hapa ukitaja DNA, watu washaanza kugawa mirathi. Nilijazwa kichupa kimoja chenye kifuniko cha zambarau. Kabla ya kutia sahihi niliuliza damu inakwenda wapi na kitakachobaki kitafanywa nini. Ilikuwa inasafirishwa nje ya nchi. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za jeni kuwa taarifa nyeti, sawa na za afya, kwa hiyo kuuliza si ujuaji. Bima ilikataa kulipa, nikatumia zamu yangu ya chama. Basi.

Majibu yalikuja yameandikwa TPMT *1/*3C. Nakala moja nzima, moja dhaifu, na hiyo 3C ndiyo aina ya udhaifu iliyoonekana kwa Wakenya waliochunguzwa. NUDT15 ilikuwa safi. Kwa uzito wangu dozi kamili ingekuwa zaidi ya miligramu 100 kwa siku. Nikaanzishwa 50, na hemogramu kila wiki mwanzoni, baadaye kwa nafasi. Niliuliza kama mwenye nakala zote mbili nzima angesamehewa hizo hemogramu. Hapana, hasamehewi. Wengi ambao damu huwashuka wakiwa kwenye azathioprini jeni zao za TPMT ni nzima. Kipimo hiki huwakamata wale wa hatari kubwa tu, na kazi iliyobaki ni ya sindano ya kutoa damu ya hemogramu.

Upande wa dawa ulikuwa mwepesi. Uzito ulikuwa nyumbani.

Shangazi alisikia habari za DNA kabla hata majibu hayajafika. Akaja na mahamri yake ya moto na bakuli la mbaazi, akakaa, akanywa chai, akauliza hali, kisha akaingia.

"Mwanangu, na huyu mtoto naye apimwe. Kesho keshokutwa watakuja kumposa, tutawaambia nini?"

Binti yangu yuko darasa la sita. Lakini sikumkemea shangazi, kwa sababu swali lake lina asili. Pwani tunaijua selimundu, na hiyo kweli ni jeni moja: baba na mama wakiwa wote wameibeba, kila mtoto ana nafasi 1 katika 4 ya kuugua. Ukiijua jeni umeujua ugonjwa. Lupus haiendi hivyo. Sehemu za jeni zilizohusishwa nayo zimepita 100, nyingi zikiwa na mchango mdogo sana, na zile zenye uzito ziko kwenye kromosomu ya 6, eneo la jeni za kinga liitwalo HLA, ambalo mamilioni ya wazima wanaishi nalo. Nikampa mfano wa pacha wa yai moja, ambao jeni zao ni zilezile: mmoja akipata lupus, mara nyingi zaidi mwenzake haupati. Kati ya wagonjwa 10, karibu 9 ni wanawake. Jua huchochea, maambukizi huchochea, homoni zina mkono wake. Wengi wa watoto wa wagonjwa hawaugui kamwe. Hakuna karatasi ya maabara itakayomwambia binti yangu ndiyo au la.

"Na wazazi wako ni mtu na binamuye," shangazi akanikumbusha.

Hilo daktari alikuwa amelichukulia kwa uzito, na nadhani alifanya vyema. Kuna lupus chache sana zinazotokana na jeni moja, mfano wa mtu kukosa protini ya kinga iitwayo C1q, na hizo hutokea zaidi wazazi wakiwa ndugu. Lakini dalili yake ni kuanza utotoni, tena kwa ukali. Mimi nilianza nikiwa mtu mzima, nimeshazaa. Mtoto wa miaka 6 mwenye lupus na wazazi binamu, huyo ningempigania apimwe jeni hata kwa harambee.

Ndugu yangu mmoja aliyeko London naye alitaka kunitumia kile kisanduku cha kutemea mate, cha kujipimia jeni nyumbani. Nilimshukuru nikamwambia anunue tende. Sababu yangu ya kwanza ni kwamba hesabu za hatari hutegemea nani alichunguzwa: hesabu iliyochapishwa 2016 ilionyesha kuwa asilimia 81 hivi ya watu walioshiriki kwenye tafiti kubwa za jeni walikuwa wa asili ya Ulaya, na Waafrika asilimia 3 tu. Ya pili ni usalama. 23andMe, kampuni ya Marekani ya visanduku hivyo, iliibiwa taarifa za watu karibu milioni 6.9 mwaka 2023, na Machi 2025 ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Ukibadilisha nambari ya siri, jeni zako zabaki zilezile.

Kitu ambacho mtoto wa pili anaweza kukipata kwangu bila jeni kuhusika ni antibodi, protini za kinga zinazozunguka kwenye damu. Damu yangu ina antibodi ziitwazo anti-Ro, na hizi hupita kondo la nyuma. Mtoto aweza kuzaliwa na vipele vinavyoondoka baada ya miezi michache antibodi zangu zikimwisha mwilini. Linalotisha ni moyo: kwa kina mama wenye anti-Ro, watoto karibu 2 katika 100 umeme wa moyo wao huziba. Ndiyo maana haidroksiklorokwini siiachi, na mimba ikishika nitatazamwa moyo wa mtoto kwa ultrasaundi katikati ya ujauzito. Hili nilimweleza shangazi pia, na ndilo lililomkaa, kwa sababu alikuwa akiamini kuwa lupus inaambukizwa tumboni.

Nilichokirithi kwa hakika, basi, ni ile 3C. Ndugu zangu kila mmoja ana nafasi nusu kwa nusu ya kuwa nayo, na binti yangu vilevile, ila hakuna mshenga atakayeiuliza. Niliwaandikia kwenye kundi la familia: msiende kupimwa, lakini mkiandikiwa azathioprini, au merkaptopurini inayotumika kwa saratani ya damu ya watoto, mtajieni daktari hii 3C yangu kabla ya kumeza. Kaka yangu anayesumbuliwa na utumbo alinipigia simu usiku uleule, kwa sababu daktari wake alikuwa ameshaigusia azathioprini.

Babangu ana jongo na hutumia allopurinoli, ambayo huziba njia nyingine ya mwili ya kuivunja azathioprini. Zikikutana kwa mtu mmoja bila dozi kupunguzwa sana, damu hushuka vibaya. Vidonge vyake sasa viko kwenye kabati la jikoni, vyangu chumbani. Nina kadi ndogo kwenye mkoba yenye jina la dawa, dozi, *1/*3C, na onyo la allopurinoli kwa kalamu nyekundu. Muuza duka la dawa wa mtaani kwetu nilimpa nakala, akaibandika nyuma ya kaunta.