Owen na bildi yake

William Fitzwilliam Owen aliingia jeshi la maji la Uingereza mwaka 1788. Wafaransa walimteka 1808, wakamshikilia Mauritius hadi 1810. Ila kazi iliyompa jina ni kupima pwani ya Afrika, 1822 hadi 1826, kwa meli Leven na Barracouta.

Kupima kwenyewe kulikuwa jasho. Baharia husimama ubavuni, hurusha bildi, yaani kipande kizito cha madini ya risasi kilichofungwa kamba ya kupimia kina, mbele ya chombo, kisha husoma kamba ikiwa wima: alama ya ngozi kwa pima (urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa) 2 na 3, kitambaa kwa 5. Kitako cha bildi kina tundu lililojazwa shahamu, kinanasa mchanga au tope. Ukichelewa kusoma, kamba imelala, unaandika kina kisichokuwepo.

Kwenye maji madogo walishusha mashua na kuingia mitoni. Hapo ndipo homa ilipowamaliza, hasa Delagoa, ghuba ya Msumbiji ya leo. Mbu hakuna aliyemshuku.

Februari 1824 Owen aliwakubalia Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, bendera ya Uingereza, yaani ulinzi wake, bila idhini ya London. Kwa maoni yangu alijitwika mamlaka yasiyo yake. Luteni Reitz aliyemwacha pale alikufa kwa homa miezi michache baadaye. Port Reitz, hori ya Mombasa, ni jina lake. 1826 bendera ikashushwa.