Mbuzi wa nazi na neno "feed"

Jana baada ya magharibi mtoto wa kaka yangu alinijia jikoni na daftari la Kiingereza. "Shangazi, feed ni nini?" Nikamjibu "kulisha", huku nimekalia mbuzi nakuna nazi. Nilidhani tumemaliza.

Wapi! Sentensi ya kwanza ilikuwa ya mama na mtoto mchanga. Sasa nani Mombasa hii atasema mama analisha kitoto cha siku 3? Ananyonyesha. Ya pili, gunia la chakula cha kuku. Ya tatu, karatasi inayotiwa kwenye printa. Mashine nayo inalishwa! Ya nne ndiyo iliyoniachisha nazi: "fed up", mtu aliyechoka na jambo mpaka basi. Neno la kula, maana ya kuchoka. Kumbe wenzetu nao hukinai. Sisi twakinai biriani ya harusi, na twakinai maneno ya jirani vilevile.

Nikamwambia pia kwamba food, feed na fodder, yaani majani ya ng'ombe, ni ndugu wa shina moja katika Kiingereza cha kale. Hilo hakulijali.

Alichokijali ni kitoweo. Wali upo sufuriani, samaki hakuna, basi twasema hakuna kitoweo. Kwa Kiingereza ni neno gani? Nilifikiri mpaka tui la kwanza likaisha kuchujwa. Nikamwambia andika "samaki", mwanangu, ukale.