Nilivyoinusuru baa yangu Berlin bila kujenga chumba cha moshi

Fundi akikushauri ujenge chumba cha wavutaji ndani ya baa ya chumba kimoja, mfukuze. Mimi niliambiwa niweke ukuta wa kioo, euro elfu sita na ushee. Nikasema tujaribu kwanza kwa nailoni. Tukaining'iniza kutoka darini hadi sakafuni: huku hewa safi, huku sigara. Jioni wateja wote, hata wasiovuta, wakajazana upande wa moshi, maana ndiko kulikokuwa na kaunta na soga. Humo ndani hukuona mtu; ulisikia sauti tu ikiagiza bia. Upande wa hewa safi nilikaa mimi na mashine ya muziki. Nailoni ikaishia kufunika baiskeli.

Sheria ya Berlin ya kupiga marufuku sigara ndani ya baa ilianza Januari 2008, faini zikafuata Julai. Mwenye vyumba viwili aliruhusiwa kutenga kimoja cha sigara, kwa hiyo wateja wangu wakahamia kwake. Wenye baa ndogo wawili, mmoja wa hapa na mwingine wa mji wa Tübingen, wakaenda Mahakama ya Katiba ya Ujerumani kule Karlsruhe. Hukumu ikatoka tarehe 30 Julai mwaka huohuo. Watu husema mahakama ilitetea sigara, wapi! Ilisema serikali inaweza kupiga marufuku kila mahali, ila ikishamwachia mkubwa mwanya, isimnyonge mdogo. Sheria irekebishwe, na kwa muda huo baa iliyo chini ya mita za mraba 75, isiyo na chumba cha pembeni, ikitaka iruhusu sigara, kwa masharti: bango mlangoni, wa chini ya miaka 18 asiingie, na chakula cha kupika kisiuzwe.

Hapo kwenye chakula ndipo paliponiuma. Sambusa zangu zilikuwa na jina mtaa mzima! Mke wangu akanikata kauli: "Baba, wewe unauza bia au unga?" Nikauza jiko kwa bei ya kutupa, nikamfundisha jirani muuza kebabu kukunja sambusa. Mteja anakula kwake, anarudi kunywa kwangu. Bwana afisa alipokuja kukagua, akapima, akauliza jikoni ni wapi. Nikampa karanga za pakiti.

Mlioko jimbo la Bavaria msiniige. Huko kura ya maoni ya 2010 ilifuta misamaha yote, na mahakama ileile ikakataa malalamiko: wakubwa kwa wadogo wamebanwa sawa.