Masomo ya Ulaya: we panga lugha kwanza, mengine yatafuata

Binamu yangu wa Lindi, pale Mtanda, kapata admisheni huku Uholanzi kusoma digrii ya masomo ya Ulaya (European Studies, yaani unasoma kuhusu Ulaya yenyewe), sasa kila jioni ni voisinoti, kaka nichukue nini, kaka hii listi ya kozi mbona haiishi. Nimeona nimjibu hapahapa maana najua kuna wa Masasi na Newala wanaulizia hayohayo.

Krediti kwanza. Digrii ni miaka 3, krediti 180, 60 kila mwaka, na krediti moja huku inahesabiwa masaa 28 ya kazi, lekcha, kujisomea, kuandika, vyote humohumo. Usizichukulie poa. Sisi wenye kibali cha mwanafunzi lazima tupate angalau nusu ya krediti za mwaka, ukipungukiwa bila sababu ya maana chuo kinakuripoti uhamiaji, na vyuo vingi mwaka wa kwanza wanataka zaidi ya hapo, usipofikisha wanakutoa kwenye kozi. Kwa hiyo mwaka wa kwanza usijitie ushujaa wa kuongeza kozi za pembeni. Na kwa kweli hata cha kuchagua hakuna sana, utapewa historia, siasa, sheria, uchumi kidogo, mikataba iliyojenga Umoja wa Ulaya: Paris 1951 nchi 6 na makaa ya mawe yao na chuma, Roma 1957, Maastricht 1992, Lisbon 2007, mpaka utaiota.

Kwenye lugha ndo una uhuru. Wengi wanakimbilia Kifaransa sababu ya Brussels, kwenye ofisi za Umoja wa Ulaya, sio kibaya, ila mtu wa Lindi mi namwambia chukua Kijerumani na anza semista ya kwanza. Yule dinosaria mkubwa wa makumbusho ya Berlin, mita 13 na ushee kwenda juu, katoka kwetu Tendaguru, alichimbwa kati ya 1909 na 1913, na waliomfikisha bandari ya Lindi ni babu zetu, mizigo kichwani, kwa miguu. Nilisimama pale chini nikiangalia mfupa wa mguu wa mbele, mrefu kunipita mimi, nikawa nawaza huu walibeba wangapi. Sasa ripoti na barua za ule msafara ni Kijerumani. Majimaji iliyoanza 1905 kule Umatumbi, hivyohivyo, mafaili ya serikali ya kikoloni mengine yako Berlin mengine Dar, na mengi ni mwandiko wa zamani ambao hata Wajerumani wenyewe wa leo unawatoa jasho. Tasnifu kuhusu mali za makoloni zirudishwe au zibaki utaiandikaje kwa kusoma tafsiri za watu?

Ndo maana namwambia apange masomo kuanzia mwisho kuja mwanzo. Chukua karatasi, chora vyumba sita, kimoja kila semista. Cha sita andika tasnifu. Cha tano, semista ya kwenda chuo cha nje, krediti 30, andika Ujerumani, na kule kozi za Kijerumani kwa kawaida wanataka B1 au B2, yaani viwango vya kati vya kuijua lugha, basi cha nne uwe umeshafika hapo, na hufiki kama hukuanza mwanzo.

Yeye anasema anataka biashara, mzee wake ana mikorosho. Sawa tu, mwaka wa pili chukua kozi za soko la pamoja la Ulaya na sheria ya biashara. Tanzania ilikataa kusaini ule mkataba wa EPA, wa biashara kati ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya, 2016, Kenya ikaenda kivyake na wa kwao umeanza kazi 2024, tasnifu hiyo hapo, na ukitaka kuandika korosho zetu zinavyouzwa Ujerumani, Kijerumani bado utakihitaji.

Darasa la wanaoanza Kijerumani huwa linajaa mapema, binamu, jisajili kabla hata ya kutafuta baiskeli. Na korosho ulete zilizobanguliwa, huku bei yake inauma.