Jinsi nilivyochagua kinga dhidi ya virusi vya kikombozi

Nyumbani kwetu Nyegezi, Mwanza, zipo kompyuta mbili za Windows: moja ina hesabu za dada yangu anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba, na nyingine ni ya wanafunzi, ambao flashi zao hupita katika kila steshenari. Nilihofia virusi vinavyofunga mafaili na kudai kikombozi, kama WannaCry ya Mei 2017, iliyopenya kupitia udhaifu ambao Microsoft ilikuwa imeshauziba mwezi Machi.

Nilitafuta programu inayoweza kuzuia programu ngeni kubadilisha mafaili, hata kama bado haijatambuliwa kuwa ni virusi. Kumbe Defender, inayokuja pamoja na Windows, inao uwezo huo, ila kwa kawaida huwa umezimwa, na haufanyi kazi ikiwa antivirusi nyingine ndiyo inayolinda kompyuta. Basi niliondoa antivirusi ya majaribio iliyokwisha muda, nikawasha ulinzi wa mafolda, kisha nikaongeza mwenyewe folda ya hesabu, kwa kuwa ilikuwa nje ya yale yanayolindwa tangu mwanzo. Programu ya hesabu ilizuiwa papo hapo kuhifadhi kazi (dada alilalamika, mimi nikafurahi), nikaiingiza katika orodha ya zinazoruhusiwa.

Nakala za mafaili ziko kwenye diski ya nje, ambayo huchomolewa mara tu kunakili kunapokwisha, kwani virusi hivyo hufunga pia diski iliyochomekwa. Masasisho ya Windows tunayapakua kwa bando la usiku.