Stika za kijiwe: jaribio la 3 limeshika

Jumamosi nimebandika kwenye tangi la pikipiki ya kaka yangu stika ya kwanza ninayoiamini. Madereva wa kijiwe chetu hapa Tanga waliniomba namba, 1 hadi 14, ili abiria aitambue bodaboda aliyoipanda. Nina printa ndogo ya wino ya nyumbani, na nataka kazi yote itoke kwenye meza yangu.

Jaribio la kwanza halikufika hata barabarani. Nilichapa kwenye vinaili, plastiki ya kubandika, ile inayokatwa herufi za mabango. Wino ulisimama juu yake vitonevitone kama maji kwenye jani la gimbi, na baada ya saa nzima kidole bado kiliufuta. Printa ya wino inahitaji vinaili iliyopakwa tabaka la kunywa wino.

Nikanunua hiyo, nikapuliza vanishi ya kopo juu yake. Ilipendeza mpaka siku kaka alipojaza mafuta: tone moja la petroli likateremka, vanishi ikawa laini na kunata, namba 4 ikafanana na doa. Kwa tangi, msinipulizie vanishi tena.

Sasa natumia plastiki angavu ya kubandika, inayozuia mionzi ya jua. Printa yangu inatumia wino wa rangi iliyoyeyushwa, ambao hupauka upesi kuliko wino wa pigimenti (wenye chembe za rangi zisizoyeyuka), kwa hiyo kinga hiyo siwezi kuiacha. Baada ya kuchapa naacha vinaili ikauke saa 24, hata kama inaonekana kavu. Unyevu ukifungiwa chini ya plastiki, huleta mapovu.

Lakini kilichonisumbua zaidi ni ukingo. Nilikuwa nabandika plastiki kwanza, kisha nakata tabaka zote mbili pamoja. Nikailoweka moja kwenye ndoo usiku kucha. Asubuhi katikati palikuwa safi kabisa, ila pembeni rangi ya waridi ilikuwa imetambaa kama milimita 2 kuelekea ndani. Maji hayakupita juu. Yaliingia ubavuni, kwenye lile tabaka linalokunywa wino.

Basi nimegeuza utaratibu. Nakata namba kwanza, pembe zikiwa za mviringo maana pembe kali huinuka. Tangi naliosha kwa sabuni, kisha nalipangusa kwa spiriti, kwa sababu waosha pikipiki hupaka dawa ya kung'arisha na gundi haishiki juu yake. Nabandika namba, halafu juu yake plastiki iliyozidi milimita 3 kila upande, ishike bati lenyewe. Nakandamiza kwa kadi ya zamani, kutoka katikati kwenda nje. Penye mviringo wa tangi naipasha kidogo kwa draya ya nywele, inalala vizuri.

Stika mpya ya ndooni, niliyoibandika hivyo kwenye kipande cha bati, imelowa siku 3 bila kuvuja rangi. Leo nimepandisha juu ya paa bati lingine lenye stika mbili, moja ina plastiki na nyingine haina, zikae juani mwezi mzima. Namba 13 zilizobaki nitazichapa nikishaliteremsha.