Uhuru wa gemu una mipaka jamani

Jana huku Ntinda, Kampala, umeme ulikaa usiku kucha, ajabu hiyo, nikarudi kwa gemu la Skyrim la 2011, stori kuu ya madragoni nikaipiga chini kabisa nikawa naiba tu jibini na kuuza ngozi za mbwa mwitu, hakuna aliyenisumbua. Raha! Ila sasa jaribu kumuua mtu muhimu wa stori uone, anapiga goti, anahema, anainuka tena. Morrowind ya 2002, gemu la nyuma la mfululizo huohuo, ilikuwa inakuacha umuue, halafu inakwambia unabii umekatika, rudisha sevu (pale ulipohifadhi gemu) au endelea na hiyo dunia uliyoiharibu mwenyewe. Hilo ndo chaguo bana, siyo kupewa majibu manne ya kumjibu mtu na yote yanaishia palepale. Mdogo wangu hataki hata kusikia hizi stori, ye humo kwenye gemu anapanda tu milima na farasi.